Kilatini kilichojificha mwanzoni mwa maneno ya Kiingereza

Katika shule nyingi za vijijini Uganda, mtaala ulioanza mwaka 2007 unamtaka mtoto asome kwa lugha ya nyumbani kwao hadi darasa la tatu. Darasa la nne ni la mpito, na kuanzia la tano masomo hufundishwa kwa Kiingereza. Hapo ndipo anapokutana na "respiration", "transpiration", "inspiration" na "perspiration" kwenye somo la sayansi. Kila neno analikariri peke yake, kwa sababu hajaambiwa kwamba ndani ya yote manne kuna kitenzi kimoja cha Kilatini, "spirare", yaani kupumua au kupuliza. Yanatofautiana kwa herufi chache za mwanzo. "Re-" inaashiria kurudi au kurudia, "trans-" kuvuka kutoka upande huu hadi ule, "in-" kuingia, "per-" kupenya. Pumzi inaenda na kurudi. Mvuke wa maji unavuka kutoka kwenye jani hadi hewani. Hewa inaingia mapafuni. Jasho linapenya ngozi. Hata dawa yenye neno "expired" kwenye pakiti imo katika ukoo huu: "ex-" ni kutoka, na aliyetokwa na pumzi ya mwisho amekufa.

Vitabu vingi vya mazoezi hutoa orodha ya viambishi hivi: "re-" ni tena, "sub-" ni chini, "con-" ni pamoja. Orodha hiyo ni ya kweli, lakini haimfikishi msomaji mbali. "Reject" si kutupa tena, na anayeumwa, "suffer", hayuko chini ya kitu chochote kinachoonekana. Ninavyoona mimi, kiambishi awali cha Kilatini kikiwa peke yake hakina maana kamili. Kinaonyesha mwelekeo tu, na maana huzaliwa pale mwelekeo huo unapokutana na mzizi. Tena kiambishi chenyewe hubadilika umbo kinapogusana na herufi fulani, kiasi kwamba mara nyingi tunakiangalia bila kukitambua. Habari njema ni kwamba anayezungumza Kiswahili, Luganda au lugha nyingine ya Kibantu anayajua mabadiliko ya namna hiyo tangu utotoni.

Kilatini kiliingiaje kwenye Kiingereza? Wengi hudhani Warumi walikiacha walipoitawala Britania. Lakini utawala wao huko ulikoma karibu mwaka 410, na makabila yaliyoleta Kiingereza yalihamia kwa wingi baada ya hapo. Wamisionari kutoka Roma waliofika Kent mwaka 597 walileta maneno ya kanisa. Mafuriko yenyewe yalianza baada ya mwaka 1066, Wanormandi walipoiteka Uingereza na Kifaransa, lugha iliyozaliwa na Kilatini, kikawa lugha ya mahakama na ya jumba la mfalme. Kisha wasomi wa karne ya 16 na 17, waliozoea kuandika vitabu vyao kwa Kilatini, wakachota maneno moja kwa moja kutoka humo. Maneno ya jikoni na shambani yakabaki ya Kiingereza asilia, na ya ofisini, mahakamani, hospitalini na chuoni yakawa ya Kilatini. Ndiyo maana mtu anaweza kupatana bei sokoni Owino kwa Kiingereza bila shida, halafu barua ya ukurasa mmoja kutoka wizarani ikamshinda.

Uganda ilikipata Kilatini kwa njia nyingine pia. Mapadri Weupe walifika mwaka 1879, na hadi miaka ya 1960 misa ya Kikatoliki ilisomwa kwa Kilatini. Vijana waliopita seminari kuu ya Katigondo, karibu na Masaka, walijifunza lugha hiyo kwa miaka, na Kiingereza kirefu hakikuwapa tabu, kwani walikuwa wakikiona kikiwa kimekwisha kuchanguliwa vipande. Ujuzi huo umepungua sana, nami naona ni hasara, hata kwa asiye Mkatoliki.

Tuchukue mzizi mmoja tuuchimbe. Kilatini kina kitenzi "ferre", kubeba au kuleta. Anayetuma pesa kwa simu anafanya "transfer", yaani anabeba kitu na kukivusha. Zahanati inapomtuma mgonjwa hospitali kuu ya Mulago inafanya "refer": inampeleka kwa mwenye uwezo mkubwa zaidi, kama jambo linavyorudishwa kwa mwenyewe. Wajumbe wanaokutana hotelini wako kwenye "conference", kwa kuwa wameleta maneno yao mahali pamoja. Vitu viwili vinavyobebwa kila kimoja upande wake "differ", vinatofautiana, na "dis-" hapo ni kutengana. Mwenye duka anayekuwekea bidhaa mbele ya macho anafanya "offer", ambamo "ob-" ni mbele ya, kuelekea. Ukikiweka kitu mbele ya vingine unafanya "prefer", unakipendelea. Na "suffer" ni "sub-" pamoja na "ferre": kubeba ukiwa chini ya mzigo. Hapo Kiswahili kinakubaliana na Kilatini kwa namna inayonifurahisha sana, maana himili na stahimili zinatoka kwenye mzizi wa Kiarabu wa kubeba, ule ule uliotupa hamali. Watu wa lugha zisizo na undugu wowote waliyatazama mateso na wote wakaona mzigo begani.

Lakini anayevuka ziwa kwenda kisiwani Kalangala asidhani "ferry" imo katika ukoo huu. Hilo ni neno la Kiingereza asilia, lililotokana na kusafiri na kusafirisha. Limefanana na "ferre" kwa sura tu.

Maneno haya yanatuchosha kwa sababu macho yetu yamefunzwa kutafuta mwelekeo mahali pengine. Kiswahili huuweka mkiani mwa kitenzi: funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua, andika, andikia, andikiana. Luganda hufanya vivyo hivyo, "okuggala" ni kufunga mlango na "okuggula" ni kuufungua, "okusimba" ni kupanda mche na "okusimbula" ni kuung'oa. Kichwani mwa kitenzi tunatafuta nani ametenda na lini: ni-na-, tu-li-, wa-ta-. Kilatini kimegeuza. Nafsi na wakati kimeviweka mkiani, mwelekeo kikauleta mbele. Kiingereza kilipokopa maneno kilikopa na mpangilio huo. Mwanafunzi anayelijua hili huanza kusoma neno refu kwa utulivu: anatenga herufi za mwanzo, anauliza zinaelekea wapi, kisha anautafuta mzizi.

"Re-" inastahili kukaliwa, kwa kuwa ina nyuso mbili na inakosewa kila siku. Uso wa zamani ni nyuma. "Reject" ni kutupa nyuma, "revoke" ni kuita nyuma amri au leseni, "return" ni kugeuka nyuma. "Refund" imetokana na "fundere", kumimina: pesa zinamiminwa kurudi zilikotoka. Uso mpya ni tena: "rewrite", "rebuild", "reopen". Tazama hayo matatu ya mwisho. Ukikiondoa kiambishi, kinachobaki ni neno zima la Kiingereza linaloweza kusimama peke yake. Ukikiondoa kwenye "reject" unabaki na "ject", ambayo haisimami. Si kanuni isiyo na ubaguzi, lakini inasaidia mara nyingi: kinachobaki kikiwa neno hai, fikiria tena, kikiwa kipande kisichosimama, fikiria nyuma kwanza.

Katika makazi ya wakimbizi maneno ya "re-" yanagusa maisha ya watu. Uganda inahifadhi zaidi ya wakimbizi milioni 1.5, na wengi wa Wakongomani walioko Nakivale, Kyaka II na Kyangwali huzungumza Kiswahili kila siku. "Refugee" ni "re-" na "fugere", kukimbia: aliyekimbia kurudi nyuma, akaiacha hatari mbele yake. Neno hili lilienea kwenye Kiingereza baada ya mwaka 1685, mfalme Louis XIV alipofuta amri iliyowalinda Waprotestanti wa Ufaransa na maelfu yao wakakimbilia Uingereza. "Repatriation" ina "patria" ndani yake, nchi ya baba, kwa hiyo ni kurudishwa nyumbani. "Resettlement" ina "settle", neno hai la Kiingereza, kwa hiyo ni kukaa upya, na katika mambo ya wakimbizi ni kupelekwa nchi ya tatu. Maneno mawili yanayoanza kwa sauti moja, moja linamrudisha mtu alikotoka na jingine linampeleka asikowahi kufika. Mtu anayetia saini karatasi anapaswa kuyatofautisha bila shaka yoyote.

Huo mzizi wa kumimina una watoto wengine. "Transfusion" ni kumimina kwa kuvusha, damu kutoka kwa mtoaji hadi kwa mgonjwa, na benki ya damu ya Nakasero inaendeshwa na huduma yenye neno hilo katika jina lake. "Infusion" ni kumimina ndani, ile dripu. "Confuse" ni kumimina pamoja, vitu vikachanganyika visitambulike tena, na Kiswahili nacho husema mtu amechanganyikiwa.

Mpaka hapa viambishi vimekuwa wazi. Sasa tuje kwenye vile vinavyojificha, maana hapo ndipo penye faida kubwa, kwa maana ya maneno na kwa tahajia pia.

Msemaji wa Kiswahili hasemi "nyumba nrefu". Anasema nyumba ndefu. Hasemi "nbavu" ndiyo wingi wa ubavu, anasema mbavu. Ulimi ukizidi mmoja ni ndimi, na Luganda kutoka "olulimi" huenda "ennimi". Hakuna aliyetufundisha hayo darasani. Ni ulimi na midomo vinavyotafuta njia rahisi: sauti "b" inafunga midomo, basi "n" inayoitangulia inajifunga mapema na kuwa "m". Warumi walikuwa na midomo kama yetu. Kiambishi chao "in-" kikikutana na "p", "b" au "m" huwa "im-": "impossible", "imbalance", "immoral". Kikikutana na "l" huyeyuka kabisa na kuwa "il-", "illegal". Kikikutana na "r" huwa "ir-", "irregular". Mwanafunzi anayekariri "im-", "il-" na "ir-" kama viambishi vitatu tofauti anajitwisha mzigo wa bure. Ni "in-" ile ile.

"Con-" hufanya hivyo hivyo: "combine", "collect", "correct". "Sub-" hugeuka na kuwa "suffer", "support", "success", "suggest". "Ob-" hugeuka na kuwa "offer", "oppose", "occasion". "Dis-" hugeuka kwenye "difficult" na "ex-" kwenye "effect". Hodari wa kujificha kuliko vyote ni "ad-", yenye maana ya kuelekea, kuendea. Huonekana waziwazi kwenye "admit" na "advise", halafu hupotea ndani ya "accept", "affirm", "aggression", "allocate", "announce", "appeal", "arrive", "assess", "attend". Yote hayo yana "ad-" iliyomezwa na herufi inayoifuata.

Dalili yake, kama msomaji ameshaigundua, ni herufi iliyorudiwa. Ukiona konsonanti mbili zinazofanana karibu na mwanzo wa neno refu la Kiingereza, shuku kwamba kuna kiambishi cha Kilatini kilichomezwa hapo, na mara nyingi utakuwa umepatia. Kwa Muganda jambo hili lina ugumu wa pekee, kwa sababu katika Luganda herufi mbili husikika na hubadilisha maana: "okuba" ni kuwa, "okubba" ni kuiba. Katika Kiingereza herufi hizo mbili hazisikiki tofauti na moja. Zinabeba historia peke yake, na asiyeijua historia hana njia ya kuzikumbuka ila kukariri.

Ndiyo maana "accommodation" inaandikwa vibaya kila mahali, yakiwemo mabango ya vyumba vya kupanga karibu na vyuo. Wengine huweka "c" moja, wengine "m" moja. Neno lenyewe ni "ad-" pamoja na "com-" pamoja na "modus", kipimo. "Ad-" imekuwa "ac-" mbele ya "c", basi kuna "c" mbili. "Com-" imekutana na "m" ya "modus", basi kuna "m" mbili. Maana yake ya kwanza ni kukifanya kitu kilingane na kipimo, kumtafutia mtu nafasi inayomtosha. Ukishauona mfumo huo huwezi tena kuikosea. "Recommend" ni "re-" na "com-" na mzizi unaoanza kwa "m", kwa hiyo ina "c" moja na "m" mbili. "Disappoint" ni "dis-" mbele ya "appoint", kwa hiyo ina "s" moja na "p" mbili, lakini "dissatisfied" ina "s" mbili, moja ya "dis-" na moja ya "satisfied". "Immediately" ni "in-" ya kukanusha na "medius", katikati: bila kitu chochote katikati, papo hapo. Walimu wa Kiingereza wangeokoa muda mwingi wa imla kwa kutumia vipindi vichache kuyafungua maneno haya ubaoni. Nalisema hili kwa moyo wote, kwa sababu watoto wengi huitwa wazembe wa tahajia wakati hawajawahi kuonyeshwa kwamba tahajia hiyo ina sababu.

Mawili kati ya maneno ya "ad-" nayapenda kuliko mengine. "Arrive" ni "ad-" na "ripa", ukingo wa maji. Mwanzoni ilikuwa kufika kwa chombo pwani, jambo ambalo mtu wa Ggaba au wa visiwa vya Ssese ataliona mara moja. Na "assess" ni "ad-" na "sedere", kuketi: kuketi kando ya mtu. Aliyeitwa hivyo alikuwa msaidizi anayeketi ubavuni mwa hakimu, kisha akawa anayekadiria kodi. Mahakama Kuu ya Uganda kwa miaka mingi ilisikiliza kesi za jinai jaji akisaidiwa na "assessors", raia wa kawaida wanaoketi naye na kumpa maoni, ambao kwa Kiswahili huitwa wazee wa baraza. Neno linalowatia wanafunzi hofu wakati wa mitihani lilianza na mtu aliyeketi karibu.

Turudi kwenye "in-", maana kuna hatari ndani yake. Kilatini kilikuwa na "in-" mbili zisizohusiana. Moja ni ndani, kuingia. Nyingine ni si, kukanusha, na hii ni ndugu wa "un-" ya Kiingereza asilia. Zinaandikwa sawa na zinabadilika umbo sawa. Kwa kawaida neno likiwa kitenzi, "in-" ni ndani: "inject", "include", "invade", "import". Likiwa kivumishi, ni kukanusha: "invisible", "illegal". Hiyo inatosha kwa maneno mengi, lakini haitoshi kwa "inflammable". Neno hilo ni kivumishi, na "in-" yake ni ile ya ndani, kwa sababu limetokana na kitenzi cha Kilatini "inflammare", kuwasha moto. Maana yake ni kinachowaka kwa urahisi, sawasawa na "flammable". Anayelisoma kwa kanuni ya kukanusha anaelewa kinyume kabisa, kwamba hakishiki moto. Katika karne ya 20 wataalamu wa usalama wa moto walihimiza lebo ziandikwe "flammable" kwa sababu hiyo, na anayetaka kukanusha aandike "non-flammable". Lakini neno la zamani bado limebaki kwenye makopo na kemikali. Katika nchi ambayo ajali za lori za mafuta huko Namungoona mwaka 2013 na Kigoogwa mwaka 2024 ziliua watu wengi, ningependa kila shule ilifundishe neno hili hata kama haitafundisha kiambishi kingine chochote.

Mengine hayaui ila yanapotosha. "Invaluable" haimaanishi kisicho na thamani. Ni kisichokadirika thamani, cha thamani mno. "Infamous" haimaanishi asiyejulikana. Ni anayejulikana kwa ubaya.

Hospitalini kuna jozi nyingine inayofanana mno: "ante-" na "anti-". Ya kwanza ni ya Kilatini, kabla. Ya pili ni ya Kigiriki, dhidi ya. Mama mjamzito anayesema anaenda "antenatal" anaenda kliniki ya kabla ya kujifungua, na "postnatal" ni ya baada. "Antibiotic" na "antimalarial" zinapigana na kitu. Kifupi "a.m." ni "ante meridiem", kabla ya adhuhuri, na "p.m." ni "post meridiem", baada yake. Kwetu sisi tunaohesabu saa kuanzia macheo, saa moja asubuhi ni "7 a.m.", na ni vizuri kujua kwamba Warumi waliigawa siku kwa jua la utosini.

Katika jina la dawa za ARV, yaani "antiretroviral", zinazotumiwa dhidi ya virusi vya Ukimwi, kuna viambishi viwili vimefuatana: "anti-" ya Kigiriki na "retro-" ya Kilatini, ambayo ni nyuma, kinyumenyume. Kwa kawaida seli hunakili taarifa za kinasaba kutoka DNA kwenda RNA. Virusi vya Ukimwi hufanya kinyume, kutoka RNA kwenda DNA, kwa kutumia kimeng'enya kilichogunduliwa kwenye virusi vya aina hiyo mwaka 1970 na Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja kwa utafiti wake, nao wakapata Tuzo ya Nobeli mwaka 1975. Kunakili huko kwa kurudi nyuma ndiko kulikovipa virusi hivyo jina la retrovirusi, na baadhi ya dawa za ARV huzuia hatua hiyo hasa. Herufi tano za "retro-" zinaeleza jinsi virusi hivyo vinavyofanya kazi.

Mpakani Malaba mambo ni mepesi zaidi. "Portare" ni kubeba, na yeyote aliyepanga foleni na lori la Mombasa anajua kwa vitendo tofauti ya "import", kubeba kuingiza, na "export", kubeba kutoa. Shehena ya Juba au Kigali inayopita tu ni "transit", ambamo "ire" ni kwenda: inaenda kwa kuvuka. Asiye na karatasi anaweza kufanyiwa "deport", kubebwa kuondolewa. "Report" ni kubeba habari kurudi nayo.

Lazima niseme pia kwamba njia hii ina mwisho wake. Katika "receive", "deceive" na "perceive" kuna mzizi mmoja wa kushika, lakini mwelekeo umefifia karne nyingi kiasi kwamba hausaidii tena kukisia maana. "Con-" mara nyingine hutilia mkazo tu, kama kwenye "confirm" na "complete", wala hakuna pamoja yoyote humo. Na kuna vichwa vya uongo: "uncle" haina "un-", "real" haina "re-", "precious" haina "pre-", na "with" iliyomo kwenye "withdraw" si ya Kilatini hata kidogo.

Wanaopaswa kuwa waangalifu zaidi ni wale walioanza kufaidika mapema kuliko wengine, yaani ndugu zetu waliosomea Kifaransa Kongo, Rwanda au Burundi kabla ya kufika Uganda. Wana viambishi vyote hivi mkononi, kwani Kifaransa kimevirithi. "Importer", "transférer", "refuser", hawana cha kujifunza hapo ila matamshi. Shida ni kwamba kiambishi na mzizi vikiwa vile vile, kila lugha imetembea njia yake. "Ad-" na "sistere" ni kusimama karibu. Mfaransa aliyesimama karibu amehudhuria tu, "assister". Mwingereza aliyesimama karibu amesaidia, "assist". "Prae-" na "tendere" ni kunyoosha kitu mbele ya watu. Kwa Kifaransa, "prétendre" imekuwa kudai kwamba jambo ni kweli, na kwa Kiingereza, "pretend" imekuwa kujifanya.

Jozi yenye madhara makubwa kuliko zote ni ya "de-" na "mandare", kukabidhi. Kwa Kifaransa "demander" ni kuomba, tena kwa adabu. Kwa Kiingereza "demand" ni kudai kwa nguvu, bila kutoa nafasi ya kukataliwa. Mzee aliyesomea Bukavu akiandika "I demand assistance for my family" anaamini ameomba kwa unyenyekevu, na karani wa Uganda anayeisoma barua hiyo anaona mtu anayefoka. Hakuna kati yao mwenye kosa la adabu. Neno linalofaa hapo ni "request", nalo lina "re-" na "quaerere", kutafuta.